Akala za Haramia

Jumapili saa tisa nafunga pazia la sebule,
si kwa sababu ya jua la Buruburu,
ila wanafunzi wangu hucheza pale chini
na sitaki wamwone mwalimu wao wa historia
akimshangilia mwizi wa baharini.

Ijumaa nilimkata Kilundo alama mbili.
Kaandika kwamba Wareno walianza ngome yao Mombasa mwaka 1539.
Tarakimu mbili tu zimebadilishana viti.
"Historia si mchuzi," nikamwandikia kwa wino mwekundu,
"haikorogwi."

Na sasa, tazama:
nahodha mwenye meno kama sahani za harusi
anabembea kwa kamba toka mlingotini hadi dirisha la malkia,
upanga mdomoni, nywele hazijatimka,
katoka kuzama sasa hivi na hajalowa hata kola.
Mfalme anayempigania alikwisha kufa miaka sitini kabla ya vita hivi.
Mombasa yao ina mlima wa theluji nyuma ya bandari,
ngamia wawili, kasuku wa Brazili,
na sultani anayekohoa Kiingereza cha shule ya bweni.
Wenyeji wana neno moja tu: "Aaa!"
Ukikaza macho, nyuma ya mikoma, lori linapita.

Nayajua yote. Nina daftari.
Lakini panga zikianza kugongana kwenye ngazi
chai inapoa, nyayo zangu zinaaga sakafu,
"Nyuma yako! Nyuma yako, we bwege!"
mimi, mjumbe wa kamati ya mtaala.

Dakika ya arobaini na moja nanyamaza.
Anaingia mjomba Ndeto.

Walimwokota Athi, kwenye foleni ya kibarua,
shilingi sita kwa siku, na mkate.
Bahari waliipaka rangi kwenye turubai.
Wakamfunga kilemba: wewe haramia, ukiambiwa kufa, kufa.
Akafa vizuri mno. Wakamwomba arudie.
Anachomwa upanga kwenye ngazi;
anarushwa na mzinga gatini;
na mwishoni, mzima wa afya,
anampepea bibi harusi kwa unyoya wa mbuni.
Na miguuni, hapa simamisha picha,
akala.
Akala za tairi, zilizokatwa Shauri Moyo,
zaidi ya miaka mia mbili kabla ya gari la kwanza.

Mama alinibeba kwenda kuiona, ukumbi wa Kaloleni.
Benchi zetu zote zilipiga kelele: "Ndeto, inuka!"
Nyanya alilia kifo cha kwanza, akacheka cha pili,
na kwenye harusi akauliza kwa sauti
huyo binti ni wa nani, na mahari kalipa nani.

Mwaka uliofuata machimbo yalimfunika.
Ripoti ya kampuni niliitafuta miezi minne.
Tarehe ni sahihi. Saa ni sahihi.
Tani za mawe zimepimwa hadi nukta.
Kisha: *vibarua, watatu*.

Picha nyingine ya mjomba hatuna.
Hii kanda ya kuazima, niliyokataa kuirudisha,
ukiisimamisha haitulii: mjomba anatetemeka kidogo,
kama mtu anayezuia kicheko.
Narudisha nyuma. Upanga unamtoka kifuani,
anapanda ngazi kinyumenyume kwa akala zake,
anafika juu, anasubiri zamu.

Kilundo, alama zako sikupi.
Ngome ni 1593, hata nikilia.

Ila kuna makelele chini. Nachungulia.
Pazia, kumbe, limetoboka siku nyingi:
wameshika fito, wamefunga vilemba vya sweta za shule,
na Kilundo kachomwa mara tatu, anakataa kuanguka.
Nafungua dirisha kabla sijajizuia.
"Wewe! Kufa vizuri!
Shika ubavu kwanza. Halafu ngazi, moja moja."